Ukisafiri, Andika Hata Nauli

Wadogo zangu, mwezi huu naomba barua za mawifi na wakwe zinisubiri kidogo, maana kuna barua kutoka Morogoro imenikaa moyoni. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 43, na watoto wake wameshaanza kujitegemea. Anasema tangu utotoni, alipoiona ramani ya dunia imebandikwa ukutani darasani, ana kiu ya kwenda kuiona hiyo dunia mwenyewe: si kwa semina ya kazini, si kwa kumfuata mume, bali kwa pesa yake na kwa mwendo wake. Anauliza, "Dada, si nimeshachelewa? Na mtu wa mshahara kama wangu anaanzia wapi?" Halafu chini kabisa, baada ya kuaga, ameongeza mstari mmoja: "Na nikienda, si nitasahau?"

Huo mstari wa mwisho ndio ulionifanya nishike kalamu. Wengi huniuliza habari za nauli na viza. Wachache sana hujiuliza safari itakaa wapi wakisharudi nyumbani.

Tuanze na umri, maana hilo ni jepesi. Mdogo wangu, hujachelewa hata kidogo. Kulikuwa na mwanamke wa Vienna, Austria, jina lake Ida Pfeiffer, aliyezaliwa mwaka 1797. Aliolewa na mwanasheria aliyemzidi miaka 24, mambo ya mume yakaharibika, na yeye akawa anafundisha muziki na uchoraji ili wanawe wawili wapate kula. Alingoja wakue. Machi 1842, akiwa na miaka 44, aliwaaga watu kwamba anakwenda Constantinople kumtembelea rafiki, kumbe nia yake ni kufika Yerusalemu. Alifika, akaenda na Misri, akarudi kwao salama. Na huko njiani alikuwa anaandika. Shajara yake ikachapishwa mwaka 1844 bila jina lake juu ya jalada, kwa sababu haikuonekana vizuri mama wa heshima ajitangaze hivyo, na pesa ya kitabu hicho ikamlipia safari ya Iceland mwaka uliofuata. Baada ya hapo aliizunguka dunia mara mbili, 1846 hadi 1848, kisha 1851 hadi 1855. Safari yake ya mwisho ilikuwa Madagascar mwaka 1857. Aliugua homa huko, na mwaka 1858 akafia Vienna.

Nimemleta Ida kwa sababu moja. Hakuwa tajiri, na hakuna mume wala serikali iliyomtuma. Aliishi safari hadi safari kwa kile alichokiandika, na kwa vielelezo vya wadudu na mimea alivyokuwa akivikusanya na kuviuza kwa majumba ya makumbusho. Wakubwa wa chama cha jiografia cha London walikataa kumpokea kwa kuwa ni mwanamke, wenzao wa Berlin wakampa uanachama wa heshima. Watu wa London walikuwa na mlango tu wa kufunga. Yeye alikuwa na madaftari, na madaftari ndiyo yaliyotufikia.

Kuna mwingine ameniandikia kutoka Tanga, anamuuguza mama yake na anaona maisha yanampita. Dada yangu wa Tanga, msome Dervla Murphy wa Ireland. Alipotimiza miaka 10 alipewa baiskeli na kitabu cha ramani, akaamua siku hizohizo kwamba ataendesha hadi India. Akiwa na miaka 14 ikabidi aache shule amtunze mama yake aliyekuwa hawezi kutembea. Alimtunza hadi mama alipofariki mwaka 1962. Januari 1963, akiwa na miaka 31, katikati ya baridi kali, alipanda baiskeli yake na kuendesha mpaka Delhi. Njiani aliandika shajara na kuituma nyumbani kwa posta vipande vipande. Kitabu kikatoka mwaka 1965. Na huyu tunaweza kusema alipita kwetu: mwaka 1992, akiwa na miaka 60, aliendesha baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe, akakatiza Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, akiandika jinsi familia zilivyokuwa zinazika watu wao miaka ile ya ukimwi. Kitabu hicho hakisomeki kwa raha, lakini mambo aliyoyaandika wengi wetu tuliyaishi bila kuyaandika.

Najua mtasema, hao ni Wazungu, pasipoti zao zinafungua milango. Ni kweli, na sitawadanganya kwamba sisi tunasafiri kwa masharti sawa. Barua ya benki, barua ya mwajiri, barua ya mwenyeji, alama za vidole, na bado unaweza kunyimwa viza bila maelezo. Basi tumwangalie mwenzetu. Tété-Michel Kpomassie alizaliwa Togo mwaka 1941. Akiwa kijana alianguka kutoka juu ya mnazi baada ya kukutana na nyoka, akapelekwa kutibiwa kwa waganga wa ibada ya chatu msituni, na baba yake akaahidi kwamba kijana akipona atatolewa kwao awe mtumishi wa ibada ile. Katika siku hizo za kuuguza mwili, akanunua katika duka la vitabu la wamisionari mjini Lomé kitabu kuhusu Greenland. Nchi ya barafu, haina miti, haina nyoka! Akatoroka. Hakuwa na pesa ya kumfikisha, kwa hiyo alisafiri kwa kufanya kazi: mji mmoja anafanya kazi, anaweka akiba, anajifunza lugha, anasogea mwingine. Accra, Dakar, Ufaransa, Ujerumani, Denmark. Ilimchukua miaka 8. Mwaka 1965 akakanyaga Greenland, watoto wakamkimbia na watu wazima wakatoka nje kumtazama. Kitabu chake, *L'Africain du Groenland*, kilitoka mwaka 1981 na kikapata tuzo.

Ndani ya kitabu hicho kuna jambo ambalo silisahau. Huko Upernavik, kaskazini kabisa, Kpomassie alikaa kwa mzee mmoja ambaye kibanda chake kilijengwa kwa tabaka za udongo na nyasi, na kuta za ndani zilikuwa zimebandikwa kurasa za magazeti, moja juu ya nyingine, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo ilikuwa maktaba ya mzee yule. Alijua habari ipi iko upande upi wa ukuta. Mzee wa nchi ya barafu alikuwa anatunza kumbukumbu za dunia nzima ukutani, na aliyezijali kiasi cha kuziandika kitabuni ni mgeni kutoka Togo.

Kwa mshahara wa mwalimu, mdogo wangu, usianze na Ulaya. Anza na unapofika kwa nauli unayoweza kuilipa bila kukopa. Kuna reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970. Ratiba yake huyumba, kwa hiyo ulizia stesheni kabla hujafunga begi. Lakini treni ina faida ambayo ndege haina: inakupa saa nyingi za kukaa dirishani na daftari magotini, huku mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako yakikufunika giza na kukufunua. Ukivuka Tunduma ukarudi salama, umeshajua nusu ya mambo ya safari. Pesa iweke kidogokidogo, kwenye kibubu au kikundi chenu cha VICOBA, na fungu hilo ulipe jina la safari ili lisiliwe na misiba na harusi.

Nyaraka nitazipitia upesi. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania hudumu miaka 10, lakini ihesabu kuwa imekwisha ikibakiwa na miezi 6, kwa sababu nchi nyingi zitakukatalia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linaitambua kwa maisha yote ya mwenye nayo, hivyo asikutoze mtu pesa ya kuchanjwa upya eti imepita miaka 10. Panga kuingia mji mgeni mchana. Mwachie ndugu mmoja wa kuaminika orodha ya miji, gesti na namba zako, na mpigie siku uliyosema utapiga. Hayo mengine utayajua njiani.

Sasa tuje kwenye lile la kusahau.

Msafiri mkubwa kuliko wote waliofika pwani yetu ni Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akazurura karibu miaka 30. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, akaendelea hadi Kilwa. Usiku mmoja tu! Lakini ametuachia kwamba watu wa Mombasa walikula ndizi na samaki, kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ufundi, kwamba mlangoni pa msikiti palikuwa na kisima kifupi cha dhiraa moja au mbili, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Mtu anaosha miguu, anaipangusa kwenye mkeka mzito, anaingia. Karibu miaka 700 imepita na bado tunajua urefu wa mpini wa kata.

Lakini mtu huyohuyo, alipokuwa Bukhara, alinakili maandishi yaliyochongwa kwenye makaburi ya wanazuoni, kisha baadaye akaporwa baharini huko India na karatasi zake zikaenda. Aliporudi kwao Morocco, sultani aliamuru habari zake ziandikwe, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akakaa naye akiandika aliyosimuliwa. Kazi ikamalizika mwaka 1355, yaani miaka 24 baada ya ule usiku wa Mombasa. Wanahistoria hadi leo wanahangaika na tarehe zake, na mpangilio wa baadhi ya safari haukubali kukaa sawa. Na pale palipopungua, Ibn Juzayy aliazima maelezo kutoka kitabu cha msafiri wa kabla yake, Ibn Jubayr.

Mimi hapo najifunza kitu. Kichwa hushika kile ambacho mkono umekishika: ile kata nadhani aliiinua mwenyewe akaoshea miguu yake, basi ikabaki. Kinachoponyoka ni majina, tarehe, bei, na nini kilitangulia nini. Watu wengi wanapoandika safari hufanya kinyume, wanaandika "mandhari ilikuwa nzuri sana, nimefurahi mno", jambo ambalo wasingelisahau hata wasipoandika, halafu wanaacha jina la kijiji. Mdogo wangu, mandhari iachie macho. Daftari lipe kile ambacho kichwa hakiwezi.

Nunua kaunta buku, ile ya jalada gumu iliyoshonwa uzi, si daftari la pini mbili ambalo likilowa mara moja linaachia kurasa. Andika kwa penseli au kalamu ya kawaida ya wino mzito. Wino wa majimaji ukipata mvua hauna urafiki. Juu ya kila ukurasa weka tarehe kamili na mahali, kwa sababu "Jumanne, tumefika" haitakuambia kitu baada ya miaka mitano. Kisha andika nauli. Ndiyo, nauli. Andika bei ya chai, bei ya kitanda, pesa ulibadilisha kwa kiwango gani, basi liliondoka saa ngapi na kufika saa ngapi, mama muuza chakula aliweka nini kwenye sahani na alikiitaje. Andika salamu ya pale kama ulivyoisikia. Mambo haya leo yanaonekana ya kijinga, lakini ndiyo yatakayomfanya mjukuu wako aone maisha yalivyokuwa.

Na uandike usiku huohuo. Najua umechoka, miguu inauma, umeme umekatika gesti. Mistari mitano tu. Ya kesho itaipanda ya leo, na keshokutwa utakuwa unakisia.

Niwaambie na kuhusu risiti, maana wengi wanazitunza wakidhani wamehifadhi ushahidi. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto, hazina wino. Mimi nina bahasha niliyoihifadhi kwenye sanduku la bati, ndani yake kuna karatasi ndogo nyeupe kabisa, hazisomeki hata ukizielekeza kwenye taa. Zimebaki na mikunjo tu. Tiketi ya kuandikwa kwa mkono iliyokaa nazo humohumo inasomeka hadi leo, jina langu limekosewa herufi moja, namba ya kiti ipo, sahihi ya karani ipo. Kwa hiyo nakili tarakimu za risiti kwenye daftari siku hiyohiyo, halafu risiti yenyewe hata ukiitupa si neno. Picha za simu nazo zisiachwe kwenye simu. Zitume kwenye barua pepe yako, na zile chache unazozipenda zichapishe, nyuma uandike ni nani, wapi, lini. Picha ya watu wasio na majina ni huzuni, muulize yeyote aliyewahi kufungua albamu ya marehemu. Pasipoti iliyokwisha muda usiitupe, mihuri yake ndiyo itakayokuamulia ubishi wa tarehe. Na usiku wa unyevu wa pwani, mende na mchwa wanafanya kazi. Weka madaftari ndani ya bati au plastiki yenye mfuniko, juu ya rafu, si chini ya kitanda.

Kuna mambo ya kutoandika pia. Ukikaa na watu wakakuambia siri ya nyumba yao, au wakasema maneno ya siasa katika nchi ambayo maneno hayo yana gharama, majina yao yasiwepo kwenye daftari. Begi hupekuliwa mipakani. Wewe utapita uende zako, wao wanabaki. Na kabla ya kumpiga mtu picha, muombe. Akikataa, andika tu kwamba alikataa.

Andika kwa Kiswahili, tafadhali. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho *Safari za Wasuaheli*, na humo yumo Salim bin Abakari, aliyesimulia safari yake ya Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa tajiri wake wa Kijerumani. Kiswahili cha zaidi ya miaka 120 iliyopita kinazungumza habari za theluji na nchi za baridi, wala hakikushindwa. Nani amekuambia chako kitashindwa na Lusaka au Istanbul?

Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Tunapozungumzia wasafiri wa dunia tunawatazama wa mbali, ilhali tunao kwetu. Nenda Kariakoo, ukae na wale akina mama wanaofuata mzigo Guangzhou, Dubai na Istanbul. Wapo ambao wamekuwa wakienda tangu watoto wao wako chekechea na sasa wanao wajukuu. Walikwenda peke yao, bila wakala, bila lugha, wakahesabu kwa vidole na kikokotoo mpaka biashara ikakubali. Wanajua mtaa gani una vitenge, gesti gani inapokea Waafrika, na chakula cha kubeba kutoka nyumbani ili tumbo lisisumbue. Hawajiiti wasafiri, na hakuna anayewaalika kuzungumza popote. Lakini kila mmoja ana daftari: bei ya dazeni, namba ya duka, kilo za mzigo, kiwango cha dola siku ile. Daftari hilo ni shajara ya safari iliyokwisha kuandikwa nusu. Dada yangu mfanyabiashara unayenisoma, chini ya hesabu zako ongeza mistari miwili kila safari: nani alikusaidia, ulikula nini, ulilia lini. Mzigo ukiisha kuuzwa usichane kurasa uwashie mkaa. Lile daftari lina thamani kuliko unavyodhani, na binti yako atakapolisoma atajua ada yake ya shule ilitoka mji gani.

Wapo pia waliozeeka bila kuandika lolote. Bibi aliyekwenda Hijazi, mjomba aliyekuwa baharia, shangazi aliyeishi Muscat au Bujumbura kwa kazi zake mwenyewe. Hao kalamu imewapita, lakini kichwa bado kinafanya kazi. Ibn Battuta asingekuwepo kwetu leo kama asingekaa mtu mbele yake na karatasi. Likizo hii, mkienda nyumbani, chukueni kaunta buku moja, mkae na mzee huyo asubuhi akiwa hajachoka, mmwandike maneno yake kama anavyoyasema. Msimsahihishe. Na akikwama pa kuanzia, mwulizeni nauli ilikuwa kiasi gani.